Kifungu cha 62 hakitufikii sisi wa kontra ya miezi sita

Kila mara tukizungumza juu ya wizi kazini, kuko mtu anasema: « Wewe sema tu, sheria inakulinda. » Nimeisoma hiyo sheria. Kwa maoni yangu inalinda kweli, lakini wengi wetu tumesimama nje ya ukuta wake.

Nianze na uzuri wake. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, kwenye kifungu cha 62, inamkataza patro kumfukuza mfanyakazi juu tu amemshtaki kwamba anavunja sheria, ao juu amepeleka malalamiko kwa wakubwa wa serikali wanaohusika. Kifungu cha 63 kinasema aliyefukuzwa bila sababu halali arudishwe kazini. Asiporudishwa alipwe fidia, lakini isipite mishahara ya miezi 36.

Sasa soma tena kifungu cha 62, polepole. Kinazungumza juu ya kontra isiyo na mwisho. Ni nani kati yetu anayo? Ukimaliza lisanse hapa kwetu, unapata mradi wa miezi mitatu, ukibahatika sita. Tuseme uko kwenye mradi kama huo, na siku ya kugawa misaada unaona liste ina majina ya watu ambao hawaishi kijijini. Ukisema, patro hana haja ya kukufukuza. Atangoja tarehe ifike, halafu hatakuita tena. Hakuna barua ya kufukuzwa, basi utashtaki nini? Na wenzetu wafanyakazi wa serikali wenye matrikule, Kodi hiyo haiwahusu kabisa, wana statuti yao.

Hata mwenye kontra nzuri ana njia ndefu. Kifungu cha 298 kinataka ugomvi upite kwanza kwa inspekta wa kazi kwa mapatano, ndipo tribinali iupokee. Kwa mtu wa Salamabila, kila hatua ni moto, mafuta na siku za barabara, na wakati huo mshahara umeshakatika.

Lakini shimo kubwa zaidi ni hili: Kodi inamtazama anayelalamika kwa wakubwa. Anayepeleka habari kwa watu wa nje, wale Kifaransa kinawaita lanceurs d'alerte, anakutana na kodi nyingine, ile ya makosa. Gradi Koko Lobanga na Navy Malela Mawani walifanya kazi katika benki ya Afriland First Bank kule Kinshasa. Walitoa nyaraka juu ya pesa ambazo, kwa maelezo yao, zilipitishwa kwa faida ya mfanyabiashara Dan Gertler, aliyewekewa vikwazo na Marekani mwezi wa 12 wa 2017. Benki na Gertler walikana. Mwezi wa tisa 2020, wao wakiwa wamekimbilia Ulaya, tribinali ya Kinshasa iliwahukumu kifo. Habari ilijulikana mwezi wa pili 2021. Kosa mojawapo lilikuwa kuunda kundi la wahalifu. Hata kama unaona walikosea kutoa karatasi za benki, jiulize: adhabu ya kifo kwa karatasi?

Majirani walishapita hapo. Uganda ina sheria ya kuwalinda watoa habari tangu 2010, na inawapa asilimia 5 ya pesa zilizorudishwa. Tanzania ilipitisha yake 2015. Sisi tuliingia 2010 katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya rushwa, ambao kifungu chake cha 33 kinaomba nchi zifikirie kumlinda anayetoa habari kwa nia njema. Miaka kumi baadaye, hukumu ile ikatoka.

Najua jibu la wazee: « Mkiwalinda wasemaji, watu watasingiziana juu ya wivu wa kazi. » Ni kweli, mji wetu ni mdogo na wivu upo. Lakini sheria nzuri inaweza kumwadhibu mwongo na kumkinga mkweli katika ukurasa mmoja. Leo mwongo anaandika barua bila jina na kulala salama. Anayeweka sahihi yake ndiye anayelipa.

Kwa hiyo tukikutana na wadepite wetu, tuwaombe mambo matatu: kinga imfikie mwenye kontra fupi na mfanyakazi wa serikali, jina la msemaji lifichwe, na iwepo biro ya kupokea habari hapa hapa teritwari, si Kinshasa. Na mpaka siku hiyo, tusiwadanganye wadogo zetu kwamba wanalindwa. Tuwaambie: andika, peleka barua, omba sahihi ya aliyeipokea, na kopi uiweke mbali na biro.