Chukudu ya Munigi

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na injini wala pedali, kinachobeba mizigo Goma na vijiji vya jirani katika Kivu Kaskazini. Zile kubwa hufikia mita 2 kwa urefu na hupakiwa mamia ya kilo: magunia ya makala, viazi, kabichi, mbao za ujenzi. Chombo hiki kina ndugu wa mbali: mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alionyesha chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu, kikaja kuzaa baiskeli. Cha Drais kiliundwa kumbeba mtu. Chukudu huundwa kwa ajili ya mzigo, na kila kipimo chake hufuata haja hiyo.

Munigi, mojawapo ya vijiji hivyo, iko kaskazini mwa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, kwenye barabara iendayo Rutshuru. Mashamba ya Kibumba, kwenye barabara hiyo hiyo, yako juu, masoko ya Goma yako chini. Kwa hiyo mzigo hushuka na chukudu hupanda tupu. Mteremko ndio injini. Ardhi, hata hivyo, ni ngumu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, nyufa zikafunguka hadi karibu na Munigi na lava ikapita mpaka katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Juu ya mawe meusi yenye makali, gurudumu dhaifu halimalizi safari.

Ndiyo maana kazi ya fundi huanzia kwenye kuchagua mti. Mti mgumu uitwao mumba hupendwa kwa sehemu zinazobeba uzito, na mkaratusi hutumika sana kwa mwili wa chombo. Mbao mbichi hupinda na kupasuka zinapokauka, hivyo fundi makini huzigonga, huzitazama nyuzi zake na huepuka penye vifundo. Gurudumu huchongwa kwa panga na patasi mpaka liwe duara, kisha huvishwa ukanda uliokatwa kutoka tairi kuukuu la gari na kupigiliwa misumari. Ukanda huo hulinda mti na kupunguza mtikisiko.

Ubao mrefu wa kupakia huinuka kuelekea mbele na kukutana na nguzo ya usukani. Hapo ndipo fundi hupimwa. Tundu la nguzo likiwa pana, usukani hucheza. Likibana, chombo hakikati kona. Mikono ya usukani hutandazwa kama pembe za ng'ombe, ili dereva apate nguvu ya kugeuza uzito unaozidi wake mara kadhaa. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa mguu.

Chombo kikishatoka kwa fundi, mwenyewe hukikamilisha. Kama mwenye gari la kifahari la zamani asivyotulia mpaka alitengeneze lifanane naye, mwenye chukudu naye huongeza kipande cha mpira cha kuegemeza goti, kwa kuwa goti moja hupumzika juu ya ubao na mguu wa pili husukuma. Muuza makala hutaka ubao wa kulaza magunia; mbeba mbao hutaka nafasi ndefu isiyo na kizuizi. Hata mtoto huchongewa, au hujichongea, chukudu ndogo, na juu yake hujifunza usawa kabla ya kujua uzito.

Utunzaji wa chukudu hauna siri: kupaka grisi ekseli, kukaza misumari, kubadili ukanda wa tairi uliolika, kutoiacha mvuani. Ikivunjika, kila sehemu hupatikana karibu, na mkono ulioiunda unaweza kuiponya. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Mwenye chukudu hahitaji mafuta, wala hangoji kipuri kutoka ng'ambo.

Kuiita chukudu dalili ya umaskini tu ni kuitazama kwa jicho moja. Ni jibu kamili la mafundi kwa mlima, kwa mzigo na kwa barabara ya mawe, na familia nyingi zimelisha na kusomesha watoto kwa jasho lake. Goma imelitambua hilo: katika mojawapo ya mizunguko yake mikuu ya barabara imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu, ya mtu akisukuma chukudu.