Kitenzi "Kuhifadhi" na Wingu la Kompyuta

Katika miongozo ya watumishi na vitabu vya shule tunavyovisoma siku hizi, umeenea usemi huu: "taarifa zimehifadhiwa katika wingu." Kwa sarufi hauna kosa. Kosa lake ni kumwahidi msomaji jambo ambalo mwandishi wa kwanza hakuliahidi.

Kitenzi cha Kiingereza kilichotafsiriwa hapo maana yake ni kuweka tu, kama mtu awekavyo mahindi ghalani. "Kuhifadhi" kwetu ni zaidi ya hapo. Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kulinda, na maana hiyo ingali hai: twaombeana Mungu atuhifadhi. Karani aambiwaye kwamba majalada yake "yamehifadhiwa" ana haki ya kudhani kuwa yamekwisha kulindwa, na kwamba yeye hana kazi tena.

Nalo "wingu" lazidisha upotofu. Wingu halina mlango wala kufuli, na haliungui. Lakini liitwalo wingu ni majengo yaliyojaa kompyuta. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la namna hiyo, la kampuni ya OVH, liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa; wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza taarifa zao. Mwaka 2019 taarifa za watu zaidi ya milioni 100 wa benki ya Capital One ya Marekani ziliibwa kutoka kompyuta ilizozikodi kwa Amazon. Kasoro ilikuwa katika kinga ambayo benki yenyewe iliipanga vibaya.

Hatusemi kwamba kompyuta iliyo chini ya meza ya ofisi ni salama zaidi. Hilo nalo ni kosa, pengine kubwa kuliko la kwanza, maana ofisi ndogo haiwezi kuwalipa mafundi na walinzi wa majengo yale. Twasema kazi imegawanyika: mwenye mitambo hulinda jengo na mashine, mwenye taarifa hubaki na neno la siri, na ruhusa za nani aone nini, na nakala ya pili.

"Wingu" limekwisha kuzoeleka, wala hatushindani nalo. Tunalolipinga ni "kuhifadhi". Mfasiri na aandike "zimewekwa". Zikiisha kugeuzwa kuwa maandishi ya fumbo, na ufunguo u mikononi mwa mwenyewe, hapo aandike "zimehifadhiwa". Wako watakaoona "kuweka" ni neno la jikoni, lisilofaa waraka wa serikali; sisi hatulioni hivyo. Vitabu vya shule vilivyokwisha kupigwa chapa visahihishwe katika toleo lijalo.