Jinsi mchanga wa Msambweni ulivyochambuliwa kwa umeme

Ukiosha mchanga mwekundu wa Maumba au Nguluku, kule Msambweni, pwani ya Kenya, mchanga mwepesi huchukuliwa na maji, chini zikabaki punje nzito nyeusi-nyeusi: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuyasafirisha madini hayo kupitia Likoni mwaka 2014, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024.

Kazi ilikuwa kuyatenganisha. Maji hayafui dafu hapo, kwa kuwa ilmenaiti ni nzito kuliko maji mara 4.7, zirkoni 4.6 na rutaili 4.2.

Basi punje zikakaushwa na kupitishwa kwenye sumaku kali. Ilmenaiti ina chuma, na katika kila atomu ya chuma kuna elektroni zisizo na mwenza, kila moja ikiwa kisumaku. Ikavutwa kando.

Zikabaki mbili, na hapa ndipo pana utamu. Punje huangushwa juu ya rola la chuma linalozunguka, huku waya wenye maelfu ya volti ukizimwagia chaji. Rutaili hupitisha umeme, hivyo chaji yake huishia kwenye rola papo hapo nayo hurushwa mbele. Zirkoni haipitishi. Hubaki na chaji yake, ikaganda kwenye rola kama kupe hadi brashi iibandue upande wa pili.

Sumaku ilitangulia, umeme ukafuata, kana kwamba ni vitu viwili tofauti. Vitabu vya shule navyo huupa umeme sura yake, sumaku yake na mwanga yake, ingawa utengano huo ulishavunjwa zamani. Mwaka 1820 mwanafizikia Ørsted aliona waya wenye umeme ukigeuza sindano ya dira. Mwaka 1831 mwenzake Faraday akapata umeme kwa kusogeza sumaku. Na mwaka 1865 mwanafizikia Maxwell akachapisha hesabu zilizoonyesha kuwa uga wa umeme na wa sumaku zikitikisika pamoja husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mwanga.

Na mwanga ndio unaoipa rutaili soko. Ikisafishwa viwandani huwa unga mweupe wa kutengenezea rangi. Uga wa umeme wa mwanga hutikisa elektroni zake, na mwanga ukapungua kasi hadi chini ya nusu, ukapinda zaidi kuliko ndani ya almasi na kutawanyika kila upande. Ndiyo maana mikono miwili ya rangi hiyo hufunika doa la ukutani, ilhali chokaa ya matumbawe, isiyopinda mwanga kiasi hicho, hutaka kurudiwa tena na tena.