Pete za mti hazijibu swali la Oktoba

TFC ngapi za kwetu zinaanza na ile sentensi: "Mvua za Plaine ya Ruzizi hazinyeshi tena kama zamani"? Mtu anaweka grafiki ya miaka 20 ama 30, tena yenye mapengo, na ukurasa unaofuata kesi imekwisha: ni mabadiliko ya tabianchi. "Zamani" ni lini? Hapo anyamaza.

Kuna utafiti unaoweza kutusaidia, na hautoki mbali. Mwaka 2001 Valerie Trouet, Kristof Haneca, Pol Coppin na Hans Beeckman walitoa kazi yao katika IAWA Journal juu ya miti miwili ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, Brachystegia spiciformis na Isoberlinia tomentosa. Ng'ambo ya Tanganyika tu, ziwa letu lile lile. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mti wa nchi za joto hauna pete, juu hauna baridi ya kuusimamisha. Kumbe kiangazi kikali cha miezi mingi kinatosha. Mti unalala, mvua ikirudi unaamka, na mpaka wa kulala na kuamka unabaki ndani ya mbao. Mwaka mzuri pete inanenepa, mwaka wa ukame inakuwa nyembamba.

Ninachopenda kwao ni kwamba hawakukimbilia kuandika historia ya mvua. Waliuliza kwanza: mti huu unasikiliza nini? Wakalinganisha upana wa pete na vipimo vya hali ya hewa, mwezi kwa mwezi. Mvua na unyevu wa hewa wa Desemba mpaka Februari vinaukuza mti. Joto la miezi hiyo linaurudisha nyuma.

Hapo njo shida inaanzia, siyo kwao, ni kwetu tutakaowataja. Mkulima wa Sange halalamikii Januari. Analalamikia Oktoba: ameshapanda mahindi, mvua inanyesha siku mbili halafu inapotea, mbegu zinakufa, anatafuta franka za kununua zingine. Kama mti wa huku unasikiliza miezi ile ile ya ng'ambo, mwaka unaweza kuacha pete nene kabisa na huku watu walilala njaa. Mti wa miaka 80 uko na mizizi mirefu, hindi la wiki mbili halina. Tutaleta takwimu za kweli kwa swali ambalo mama wa shambani hakuuliza.

Halafu kuna suala la uhakika. Mwaka 2006 Matthew Therrell, David Stahle na wenzao walitumia mninga (Pterocarpus angolensis) kurudisha mvua za Novemba mpaka Februari za Zimbabwe kwa miaka 200. Kazi yao inaeleza asilimia 46 ya mabadiliko ya mvua iliyopimwa kati ya 1901 na 1948. Kwa kazi ya namna hii ni nzuri, lakini zaidi ya nusu imebaki nje. Ndani yake ukame wa 1882–1896 unalingana na ule mkali wa 1989–1995. Hiyo peke yake ingetosha kumtia mwanafunzi woga wa kuandika "haijawahi kutokea". Na walipofika kwenye ukame wa 1859–1868, unaoonekana kuwa mbaya zaidi kwenye pete na kwenye maandishi ya wakati ule, wanasema wazi kwamba ukubwa wake halisi hauna uhakika. Sentensi kama hiyo ndani ya TFC zetu bado ninaitafuta.

Na huku tutumie miti gani? Mikoche ya Plaine toa, jamii ya mitende haitengenezi pete. Itombwe iko na miti mikubwa, lakini kule juu unyevu ni mwingi na kiangazi ni kifupi, pete zinaweza kukosekana. Inabaki miti ya chini inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, ile ile inayoishia kwenye makala. Tena mvua ikipunguka katikati ya msimu, mti unaweza kulala mara mbili kwa mwaka: unahesabu pete 100, kumbe ni miaka 50.

Njia ya kuhakikisha iko, na haidai maabara ya Ulaya. Mfaransa Mariaux aliitumia miaka ya 1960: unafungua kidirisha kidogo kwenye ganda la mti, unaandika tarehe, kovu linabaki ndani ya mbao. Ukirudi baada ya miaka mitatu unahesabu pete zilizokuja juu ya kovu. Zikiwa tatu, mti huo unafaa kusikilizwa. Zikiwa sita, tafuta mwingine. Unahitaji kisu, daftari, na mti ambao hakuna atakayeukata kwa makala mbele hujarudi. Viwili vya kwanza kila asistanti wa agronomia anavyo.