Tiba Shufaa, Kifo cha Huruma, na Neno Tulilolisahau

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri na watumishi wa afya hututaka tuzitolee kauli, hakuna zinazohitaji uangalifu zaidi ya zile zinazohusu mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Istilahi ya mtambo ikikosewa, fundi atauliza, ataelezwa, na kazi itaendelea. Istilahi ya kitandani ikikosewa, anayeisikia hana wasaa wa kufungua kamusi. Tunakusudia hapa kuzichambua chache kati yake, na hatuna budi kukiri mapema kwamba baadhi zilipita mezani mbele yetu, nasi tukaziridhia.

Tuanze na tiba shufaa. Istilahi hii imekwisha kuenea. Watumishi wa afya wanaitumia, nayo hutajwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako wagonjwa hupewa mofini ya maji ili wapunguziwe maumivu. Maana inayokusudiwa ni njema: kumtuliza mgonjwa mateso ya mwili na nafsi, na kuwasaidia jamaa zake. Shirika la Afya Duniani, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2002, lilieleza kwamba huduma ya namna hii haikusudii kuharakisha kifo wala kukiahirisha. Je, neno letu linasema hayo?

Kiarabu kina shifaa, yaani kupona, na kina shafaa, yaani uombezi. Hayo ni maneno mawili, wala si matamshi mawili ya neno moja. Bagamoyo ni mji uliozoea kubishania maneno. Jina lake lenyewe wengine hulifasiri kuwa ni la mpagazi aliyebwaga moyo kwa furaha ya kufika, wengine la mtumwa aliyeubwaga kwa kukata tamaa. Ni mji wa zawiya ya Qadiriyya iliyopata sifa kwa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na jirani yake ni Kaole, ambako watu hufika kuomba dua penye kaburi la Sharifa. Kwa masikio ya huko shufaa ni neno la chuoni na msikitini: ni uombezi, hasa ule unaotarajiwa Siku ya Kiyama. Mzee mmoja alituuliza, bila dhihaka, kama siku hizi na hospitali nazo zinaombea watu. Tukijitetea kwamba tulikusudia shifaa, tunatoka shimoni na kutumbukia kisimani. Maana shifaa ni kupona, na mgonjwa huyu aghalabu ndiye ambaye daktari amekwisha kusema hatapona.

Tuna sababu yetu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Shangazi yetu, mwenyeji wa Kaole, alipatwa na kiharusi, akapelekwa mjini kwenye hospitali moja kubwa, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi huku akipumua kwa mashine. Siku ya tisa daktari kijana alituita. Alizungumza kwa adabu na kwa Kiswahili safi. Alisema wanaomba ridhaa ya familia ili wasitishe huduma za kurefusha maisha. Kila neno katika sentensi ile lilikuwamo katika orodha tuliyoishughulikia sisi wenyewe. Baba yetu mkubwa, kaka wa mgonjwa, alimtazama kwa muda, kisha akamwambia, “Mwanangu, maji ndiyo husitishwa, kwa asiyelipa. Huyu dada yangu anadaiwa nini?”

Daktari hakuwa na jibu, nasi tuliomfahamisha neno lile hatukuwa nalo pia. Familia ikakataa. Siku nne zikapita, na mgonjwa akaanza kupata vidonda vya mgongo.

Usiku wa nne muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliketi nasi kwenye benchi la nje. “Shikamoo, mzee wangu,” alisema. “Bibi hatumwachi. Tutakachoondoa ni mashine. Sisi tutaendelea kumuuguza, na nyinyi mtakaa mumuuguze. Asiumie, midomo isimkauke, asiwe peke yake.” Baba mkubwa akauliza, “Kumbe mnataka tumuuguze tu?” Akajibiwa kwamba ndivyo. Ridhaa ikatolewa usiku ule ule. Alisomewa Yasini, na kabla ya alfajiri ya siku ya pili akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa kaka yake.

Hatusimulii haya ili kumlaumu daktari. Alitumia istilahi alizopewa, na ndivyo tunavyowahimiza watumishi wote wafanye. Swali letu ni hili: yule mama alitoa wapi neno ambalo kamati nzima ya wataalamu haikuliona?

Alilitoa katika kitenzi ambacho kila mtoto wa pwani anakijua. Kuugua, kuuguza. Kwa umbo ni kauli ya kusababisha, lakini anayeuguza hasababishi ugonjwa. Anakaa na mwenzake ndani ya ugonjwa huo. Tena kitenzi hiki hakina ahadi ya kupona. Mswahili husema, “Alimuuguza mama yake mpaka akafa,” na hiyo ni sifa. Jaribu kusema, “Alimtibu mama yake mpaka akafa,” uone kama hukumshtaki mtu. Na kumponya mtu mpaka akafa hakusemeki kabisa. Kutibu na kuponya ni safari zenye mwisho wa kufikiwa, na asiyeufikia ameshindwa. Kuuguza hakuna kushindwa ila kwa kuondoka.

Kosa letu lilianza zamani, nalo lilianza kama jambo jema. Mzizi huu tuliukabidhi kwa taaluma, tukapata muuguzi na uuguzi, maneno mazuri yaliyokita. Baadaye ilipoletwa orodha ya istilahi za kigeni, tulikuta mle neno linalodai tiba ya aina fulani, tukaanza kutafuta tiba, na baada ya tiba tukaenda kuazima shufaa. Laiti tungeanza na kazi yenyewe badala ya orodha, tungekuta kazi hiyo ina jina tangu kabla ya kuwapo hospitali. Kwa maoni yetu istilahi inayofaa ni uuguzaji wa kutuliza. Hatusemi tiba shufaa ifutwe kwa amri. Neno lililokwisha kubandikwa mlangoni halibanduki kwa waraka. Tunasema lisimame kama jina la idara, na lisiwe neno la kumwambia mgonjwa.

Kuhusu kusitisha huduma, tunapendekeza itajwe kile kinachoondolewa: mashine, au mpira wa chakula, au dawa fulani. Na katika kurefusha maisha kuna walakini mwingine. Ibara ya 14 ya Katiba yetu, iliyoingia pamoja na haki nyingine mwaka 1984, pembeni inataja haki ya kuwa hai, na ndani inazungumzia kuishi na hifadhi ya maisha. Huko maneno haya yanaweza kukaa pamoja bila madhara. Kitandani hayawezi. Uhai binadamu anashirikiana na mkorosho. Maisha ni siku zake pamoja na watu wake. Mashine ya shangazi yetu ilishikilia uhai.

Inabaki kifo cha huruma, ambacho waandishi wa habari hukitumia wanapotafsiri habari za Uholanzi na Ubelgiji, nchi zilizohalalisha jambo hilo kwa sheria zao zilizoanza kutumika mwaka 2002. Istilahi hii inamficha mtendaji, kana kwamba kifo kimekuja chenyewe kikiwa na huruma zake. Wengine husema kuua kwa huruma. Mtendaji ameonekana, lakini nia yake imekwisha kuhukumiwa kuwa njema kabla ya ushahidi. Kuna aliyependekeza kufisha. La hasha: kwa pwani nzima Mwenye kuhuisha na kufisha ni Mungu, na daktari hatatushukuru kwa cheo hicho. Tuseme waziwazi, kumuua mgonjwa kwa ombi lake, na huruma tuwaachie wanaobishana.

Wepesi wa kuchanganya mambo haya una hatari ya kisheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humhesabu aliyeharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ni mgonjwa kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho, awe ameharakisha kwa kutenda au kwa kutotenda. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, shahidi, wakili na hakimu huweza kulijadili jambo hili kwa lugha moja. Kama kuondoa mashine ni kuharakisha kifo au ni kuacha kukizuia, hilo ni la wanasheria; lakini hawataweza kulipima ikiwa muuguzi ataandika katika jalada kwamba alisitisha maisha.

Tungependa wasomaji wa Pangani, Saadani, Mafia na Lamu watuandikie neno walilonalo kwa ile kazi ya kumlowesha midomo mtu aliye katika sakarati. Kaole tulisikia wakisema tu kumpa maji.