Kivuli cha Shingo: Kupima Picha za Wanawake Weusi Waliojivika Visasili

Picha ambayo mwanamke Mweusi amejipiga mwenyewe akiwa mungu au shujaa wa visasili hupimwa kwa mhusika, mwanga na mkao. Mapambo hayamo, ingawa siku hizi ndiyo yanayosifiwa kwanza. Mabawa ya kompyuta na taji la dhahabu hushangiliwa kwenye maonyesho hata pale ambapo chini ya taji hamna mtu.

Mhusika lazima awe na sababu. Maud Sulter, Mskoti mwenye asili ya Ghana, alitengeneza Zabat mwaka 1989: picha tisa za wanawake Weusi wakiwa miungu wa kike tisa wa sanaa wa Kigiriki. Kwa kuwa alikuwa mshairi, yeye mwenyewe akawa Calliope, mwenye tenzi. Urania wa elimu ya nyota akawa mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar.

Kwenye mwanga ndipo wengi wanapopotea. Asiyejua hutazama macho. Mjuzi hutazama chini ya taya, pale shingo inapozama kivulini. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kusawazishia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi ikawa inatoka kama bapa jeusi lisilo na umbo. Fundi hukiacha kivuli kiwe kizito, ila ndani yake mshipa, mkunjo wa ngozi na ukingo wa mtulinga huonekana. Mlaghai huongeza taa mpaka ngozi ipauke, au hupaka mafuta ili mng'ao ufiche utupu wa kivuli. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika mfululizo wake wa Somnyama Ngonyama, huizidishia ngozi yake weusi kwa makusudi, na uso haupotei. Katika Bester I ya mwaka 2015, taji lake ni vibanio vya nguo, kwa heshima ya mama yake aliyefanya kazi za ndani.

Mkao mzuri hauombi ruhusa. Renee Cox, mzaliwa wa Jamaika, alisimama uchi mahali pa Kristo katika Yo Mama's Last Supper ya mwaka 1996. Ilipoonyeshwa Brooklyn Museum mwaka 2001, meya wa New York, Rudolph Giuliani, alitaka iundwe tume ya maadili.

Picha hizi zihukumiwe zikiwa zimechapwa. Karatasi ya Sibakromu, aliyoitumia Sulter, ilikuwa na weusi wenye kina ambao hauonekani vilevile kwenye kioo cha simu. Zabat imehifadhiwa Victoria and Albert Museum, London. Anayetaka kujifunza aanze na Calliope.