Mapishi ya Uso na Vumbi la Kitai

Ponda nusu ya parachichi lililoiva. Ongeza kijiko cha asali na matone machache ya limau. Paka usoni, kaa dakika 20, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu. Utatakata.

Kila mwenye simu ameshakutana na maelekezo ya namna hii, na karibu mara zote huja na umbo lilelile: amri chache, muda wa kusubiri, halafu ahadi. Tumezoea kuyapokea kama ushauri wa urembo. Hapa nataka tuyasome kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote: yanamsemesha nani, yanamnyima nini, na neno lake la mwisho lina maana gani.

Tuanze na sifa, maana zipo. Maski ya nyumbani ina ukarimu ambao tangazo la duka halina. Haikuulizi una shilingi ngapi. Inakuuliza jikoni kuna nini. Kwa msomaji wa Kitai hilo si jambo dogo. Wilaya ya Mbinga ni ya kahawa, na kahawa iliyosagwa ni mojawapo ya vitu vinavyotajwa sana katika mapishi haya. Baadhi ya ahadi zake pia ni za kweli. Asali huvuta unyevu na kuushika juu ya ngozi. Mafuta ya parachichi hulainisha ngozi kavu. Udongo mweupe, kama ile kaolini ya Pugu, hufyonza mafuta. Juu ya hayo, mtu amepata dakika 20 za kukaa bila kutumwa na yeyote, na wapo kina mama ambao hawajazipata tangu Jumapili iliyopita.

Dosari ya kwanza ni kwamba mwandishi wa mapishi hamjui msomaji wake. Tazama yale matone ya limau. Ngozi yetu ina asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5. Maji ya limau yako karibu na 2, yaani yana asidi takriban mara elfu moja zaidi. Tena limau na ndimu vina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huweza kuiunguza. Sasa mpe maelekezo hayo mama anayeanika dagaa Lituhi, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, jua likimpiga kutoka juu na kumrudia kutoka majini. Ngozi nyeusi ikiungua au kuwashwa mara nyingi huacha alama nyeusi zaidi, inayoweza kudumu kwa miezi. Alitafuta dawa ya madoa, akapata doa. Mapishi hayana hata sentensi moja kuhusu jua, kana kwamba kila msomaji anashinda ndani, penye kioo na feni.

Dosari ya pili ni nzito zaidi, nayo imekaa kwenye lile neno la mwisho. Kutakata ni kuwa safi, kuondokewa na taka. Lakini mtaani tukisema fulani ametakata, mara nyingi tunamaanisha kwamba amekuwa mweupe kuliko tulivyomwacha. Kitenzi kimoja kimebeba mambo mawili, na ndani yake kuna hukumu: kama weupe ni usafi, basi weusi ni taka iliyochelewa kuoshwa.

Kitai ni mahali pazuri pa kulipima neno hilo. Iko kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, pale inapochepuka barabara ya Lituhi, katika eneo ambalo malori hubeba makaa ya mawe kutoka Ngaka. Anayefanya kazi karibu na makaa anajua kwamba kuna weusi unaotoka na weusi usiotoka. Wa kwanza ni vumbi. Maji na sabuni vinautosha. Wa pili ni yeye mwenyewe. Mapishi yasiyotofautisha vitu hivi viwili yamekosea kabla hata parachichi halijapondwa.

Na hapa kuna kichekesho. Miongoni mwa maski zinazonadiwa sana ni zile za mkaa. Mkaa huo umepitishwa kwenye moto mkali hadi ukapata vitundu vidogo vya kufyonzea. Si wa jikoni wala wa mgodini, na asithubutu mtu kujaribu hiyo mingine. Lakini sikiliza lugha: mkaa ukiwa kwenye paketi unaitwa usafi, ukiwa usoni kwa mfanyakazi unaitwa uchafu.

Kujipaka hakukuanzia kwenye simu. Pwani kuna liwa, msandali unaosagwa na kuchanganywa na marashi ya waridi. Ng'ambo ya mto Ruvuma, wanawake wa Kimakua wa kaskazini mwa Msumbiji wana msiro, mti unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji hadi utoe uji mweupe. Sisemi kwamba huko hakuna anayeota weupe. Ila msiro huonekana: mtu hutoka nao nje, akasalimiwa nao. Maski ya simu hufanywa kwa kujificha, na thamani yake yote imewekwa kwenye uso utakaotokea baadaye, ambao si huu ulionao.

Kutoka hapo hadi kwenye mkorogo ni hatua moja. Bakuli ni lilelile, kijiko ni kilekile, na ahadi ni ileile. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na sababu inajulikana: zebaki huharibu figo. Maofisa wanaweza kukamata makopo. Kitenzi hawawezi kukikamata. Hicho tunakibeba wenyewe, tunapomsifia binti kwamba siku hizi ametakata.

Kwa hiyo sidai mapishi haya yafutwe. Nadai yaandikwe upya, na kwa msomaji wa Kitai ningeyaandika hivi: Osha kwanza vumbi la barabarani. Ponda parachichi, tia asali, limau liache kwa ajili ya dagaa. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Kisha paka, kaa dakika 20, osha. Uso utakuwa laini hadi jioni, na rangi yako itakuwa ileile.